Je, wajua ni kizuizi kipi kinachomlemea zaidi George katika "Harrison Bergeron"?

Wengi waliosoma hadithi fupi ya Kurt Vonnegut iitwayo "Harrison Bergeron", iliyochapishwa Marekani mwezi Oktoba 1961, hukumbuka kwanza mifuko ya marisau, yaani punje ndogo za risasi. Hii ni distopia, yaani hadithi ya jamii ya kubuni iliyoharibiwa na jambo ambalo watawala wake huliita jema. Mwaka ni 2081, Katiba ya Marekani imefikia marekebisho ya 213, na sheria inakataza mtu yeyote kumzidi mwenzake kwa akili, sura, nguvu au wepesi. Warembo huvishwa vinyago, nao wenye nguvu hubebeshwa uzito. George Bergeron amefungiwa shingoni ratili 47 za marisau, karibu kilo 21.

Kwa kuwa mizigo hiyo ndiyo inayoonekana, imezoeleka kusema kwamba hadithi inaupinga usawa. Hivyo ndivyo Jaji Antonin Scalia alivyoitumia mwaka 2001, alipotofautiana na majaji wenzake wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliomruhusu Casey Martin, mchezaji wa gofu mwenye ulemavu wa mguu, kutumia kigari katika mashindano. Mwaka 2005 mawakili wa Kansas wakaipeleka kwenye kesi ya fedha za shule, na Vonnegut mwenyewe akawajibu kwamba hadithi yake inahusu akili na vipaji, wala utajiri si dalili ya kimojawapo. Matini yanamuunga mkono. Anayepunguza marisau yake hufungwa miaka 2 na kutozwa dola 2,000 kwa kila punje, na faini ya namna hiyo hutisha pale tu ambapo fedha bado ni fedha. Sheria hii inakifunga kipaji, lakini hakuna mstari unaosema kwamba mali imegawanywa sawa.

Kizuizi kinachobeba hadithi nzima kimo sikioni mwa George: redio ndogo ambayo kila baada ya sekunde 20 hivi hupokea mlio mkali kutoka serikalini. Anapoanza kumfikiria mwanawe Harrison aliyeko gerezani, mizinga 21 inalia kichwani mwake na wazo linakatika. Ni kama msusi wa ukili anayeshikwa mikono kila anapopitisha miyaa: anayo miyaa ya kutosha na ufundi anao, ila ukili haurefuki, kwa hiyo siku ya kushona mkeka haifiki. George hakunyimwa akili. Amenyimwa muda wa kuunganisha wazo la kwanza na la pili, na asiyeweza kuunganisha mawazo hawezi kukumbuka alichodhulumiwa, sembuse kulalamika.

Hapo ndipo kinaya cha Vonnegut kinapochoma. George anaitetea sheria mbele ya mkewe Hazel, kisha swali linapojitokeza kuhusu jamii itakavyokuwa watu wakianza kuikiuka, king'ora kinalia na jibu linampotea. Hazel hana redio, kwa sababu mawazo yake ni mafupi kwa maumbile, na mwishowe wote wawili wanafika mahali pamoja: mama anaona kwenye televisheni mwanawe akipigwa risasi na Diana Moon Glampers, mkuu wa vizuizi, analia, na baba anaporudi kutoka jikoni na bia yake, mama hakumbuki alichokuwa akikililia.

Hata hivyo, itakuwa kuipunja hadithi kudai kwamba haikejeli kabisa usawa wa kulazimishwa. Vinyago na marisau ni chuku ya makusudi, na chuku hiyo inaulenga. Lakini anayetaka kumfanya Harrison mtetezi wa uhuru atapata taabu, kwani kijana huyo wa miaka 14, mara tu anapoingia studio ya televisheni akiwa ametoroka gerezani, anajitangaza kuwa mfalme ambaye kila mtu lazima amtii, kisha anawaahidi wanamuziki vyeo vya kikabaila iwapo watapiga muziki kwa ustadi wao wote.