Dune: wanachobishania mashabiki na kilichomo kitabuni

Ubishi wa mashabiki wa Dune una kawaida moja: filamu hulaumiwa kwa jambo lililofanywa na kitabu, au husifiwa kwa jambo ambalo kitabuni halimo. Riwaya hii ya kubuni ya kisayansi ya Frank Herbert ilitoka 1965. Inamhusu Paul Atreides, kijana wa ukoo wa watawala anayehamia sayari ya jangwa iitwayo Arrakis; maadui wao, akina Harkonnen, wanauangusha ukoo huo, naye anakimbilia kwa Fremen, wenyeji wa jangwani, ambao wanamwona masihi. Wengi waliisoma mara moja tu, zamani, na tangu hapo wamekutana nayo kupitia filamu ya David Lynch (1984), tamthilia ya televisheni (2000) na filamu mbili za Denis Villeneuve (2021 na 2024). Kumbukumbu zote hizo zimemiminwa gunia moja, na kila mtu anachota humo akidhani anachota kitabuni.

"Paul ni shujaa, Villeneuve ndiye aliyemharibu"

Anayesema hivi amesahau ukurasa anapokufa Liet-Kynes, mtaalamu wa ikolojia wa Arrakis na kiongozi wa Fremen. Akina Harkonnen wamemtupa jangwani bila vazi la kuhifadhi maji, anaweweseka, na sauti ya marehemu baba yake inamwambia kwamba hakuna balaa kubwa zaidi linaloweza kuwafika watu wake kuliko kuangukia mikononi mwa Shujaa. Hilo limo katika kitabu cha kwanza kabisa. Unabii wenyewe wa masihi ni wa kupandikizwa: Bene Gesserit, shirika la wanawake lenye siri nyingi, wana kitengo kiitwacho Missionaria Protectiva, kazi yake kusambaza ngano za dini kwenye sayari za mbali ili siku moja mwanamke wa shirika lao akikwama huko apate pa kujishikiza. Jessica, mama yake Paul na mmoja wa shirika hilo, anaujua mchezo huo tangu anapotua Arrakis. Anaucheza.

Kitabu cha pili, Dune Messiah (1969), kinaleta hesabu. Miaka 12 imepita, na Paul, ambaye sasa ni mfalme, anamtajia Stilgar, kiongozi wa Fremen, gharama ya vita vilivyopiganwa kwa jina lake: wafu bilioni 61, sayari 90 zilizofutwa uhai, nyingine 500 zilizovunjwa nguvu, huku akijipima na Genghis Khan na Hitler. John W. Campbell, mhariri wa jarida la Analog aliyeichapa hadithi ya kwanza kwa vipande kuanzia Desemba 1963, aliukataa mwendelezo huo, ukaishia jarida la Galaxy. Na kwa wanaodai kwamba Herbert aligeuka baada ya kupata jina: aliandika mwenyewe kwamba sehemu za kitabu cha pili na cha tatu zilikuwa zimeshaandikwa kabla hajakamilisha cha kwanza.

Alichobadilisha Villeneuve hasa ni Chani, mwanamke wa Fremen ambaye Paul anampenda. Kitabuni Chani ni binti wa Liet-Kynes, ana cheo cha kidini, anamzalia Paul mtoto wa kiume anayeuawa katika shambulio la askari wa mfalme, na mwishoni anabaki naye ijapokuwa Paul anamwoa Irulan, binti wa mfalme, kwa ajili ya kiti cha enzi. Kwenye filamu haamini unabii hata chembe, na anaondoka. Sababu ya badiliko hilo inaeleweka: onyo ambalo Herbert alilitawanya katika mawazo ya ndani ya wahusika, mwongozaji amelipa mtu mmoja alibebe usoni. Sisi tunaona hesabu hiyo inalipa, lakini si bure, maana Chani mwenye imani, anayempenda mtu anayeitumia imani hiyo hiyo, ametoweka, na huyo alikuwa mgumu zaidi kumwandika.

Badiliko la pili ni la muda, nalo ndilo linaloeleza mengine. Kitabuni Paul anakaa na Fremen zaidi ya miaka 2. Kwenye filamu mimba ya Jessica haijafika hata kuzaliwa, yaani chini ya miezi 9. Kwa hiyo Alia, mdogo wake Paul, hajazaliwa, na Baron, mkuu wa akina Harkonnen, ambaye kitabuni anachomwa sindano ya sumu na mjukuu wake huyo aliye bado mtoto mdogo, anakufa kwa kisu cha Paul. Hata usaliti wa Daktari Yueh, tabibu wa familia ya Paul, umehamishwa: filamu ya 2021 inauficha hadi usiku wenyewe wa shambulio, ilhali kitabuni Baron anamtaja msaliti kwa jina katika sura ya pili. Herbert hakutaka ushtuke. Alitaka ukae mezani na Yueh ukijua.

"Mwaka 10191 na bado wanachomana visu!"

Kwanza, 10191, mwaka inapoanzia hadithi, si miaka ya kalenda yetu. Inahesabiwa tangu kuanzishwa kwa Chama cha safari za anga, hivyo kutoka leo ni zaidi ya miaka 20,000.

Pili, kisu kina sababu ya kiufundi. Ngao ya mwili, yaani uga wa nishati unaomzunguka mvaaji, huzuia kila kitu chenye kasi. Kinachopenya ni kile kinachokwenda polepole, kati ya sentimita 6 na 9 kwa sekunde kulingana na ngao ilivyotegwa. Huo ni mwendo wa mtu anayepaka siagi kwenye mkate. Risasi inagota, mshale unagota, na mpiganaji aliyezoea kuchoma kwa haraka naye anagota. Ndiyo maana katika pambano na Jamis, mpiganaji wa Fremen, mkono wa Paul unachelewa kila mara mwishoni. Alifundishwa kupunguza kasi kabla ya ncha kugusa, na Jamis hana ngao, kwa hiyo Fremen wanaotazama wanadhani kijana anamchezea mwenzake kikatili.

Bunduki za leza zipo, ila mwale wake ukigusa ngao hutokea mlipuko wa kiwango cha nyuklia ambao unaweza kumuua mpigaji pamoja na mpigwaji. Jangwani ngao haivaliwi kabisa, kwa kuwa mtetemo wake huwavuta minyoo wakubwa mno wa mchangani na kuwatia wazimu. Na mizinga ya kizamani ambayo watu huicheka? Kitabuni Baron anajipongeza kwayo: anailenga milango ya mapango, na wanajeshi waliokimbilia ndani wanafukiwa humo na ngao zao.

"Maneno ya Fremen ni ya kubuni tu"

Hapa msomaji wa Kiswahili amebahatika. Lisan al-Gaib, jina ambalo Fremen humwita masihi wao, analisikia bila mkalimani: lisani na ghaibu. Usul, jina la siri analopewa Paul, limefasiriwa kitabuni kuwa kitako cha nguzo, na sisi tuna usuli. Muad'Dib kwa Fremen ni panya wa jangwani, lakini neno lenyewe ni muaddibu, mfunza adabu. Kitab al-Ibar, kitabu cha Fremen cha dini na namna ya kuishi jangwani, kina jina la historia kubwa ya Ibn Khaldun wa karne ya 14, na ibra ni neno letu pia. Bi-la kaifa linatumika kama "amina" ingawa ni msemo wa wanateolojia: bila kuuliza vipi.

Ila wapo wanaoruka upande wa pili na kusema Fremen ni Waarabu waliobadilishwa jina. Sivyo. Lugha yao ya siri Chakobsa, kisu kindjal na kisasi kanly vimetoka milima ya Caucasus, kupitia kitabu cha Lesley Blanch cha 1960 kuhusu vita vya Imamu Shamil dhidi ya Warusi. Sietch, makazi yao ya mapangoni, ni neno la Wakosaki wa Zaporizhia. Dini yao ni mchanganyiko wa Zen na Sunni. Kinachoweza kulalamikiwa kwa haki ni kwamba neno jihadi, ambalo limejaa kitabuni, filamu za Villeneuve zimelikwepa na kusema vita vitakatifu.

"Vazi la kuhifadhi maji linaweza kushonwa leo"

Vazi la Fremen limeelezwa kwa makini. Tabaka la ndani hupitisha jasho, matabaka yanayofuata huchuja chumvi na kubadilishana joto, mkojo na kinyesi hushughulikiwa kwenye pedi za mapajani, na maji safi hukusanyika mifukoni ili yanywewe kwa mrija ulio karibu na shingo. Pampu zake huendeshwa na pumzi na visigino. Hewa huvutwa kwa mdomo kupitia kichujio na kutolewa puani kupitia mrija. Vazi zima likikaa sawasawa, mvaaji hapotezi zaidi ya maji ya kujaza subana kwa siku.

Tatizo ni joto. Jasho hupooza mwili kwa kukauka: lita 1 ikigeuka mvuke huondoka na takribani kilojuli 2,400. Ukiukamata mvuke huo na kuurudisha kuwa maji ndani ya vazi, joto lote lile linarudi pale pale. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 45, joto halitoki lenyewe kutoka mwili wa nyuzi 37. Lazima lisukumwe, na kusukuma kunataka nguvu. Nguvu ya visigino ni nguvu ya misuli, na misuli hugeuza kama robo tu ya nishati yake kuwa kazi, iliyobaki ni joto jingine. Kwa hiyo kadiri unavyotembea ili pampu zifanye kazi ndivyo unavyojichemsha. Kinachomwokoa Herbert kidogo ni kwamba Fremen husafiri usiku.

Kosa la filamu ni dogo na halina dawa: waigizaji wanatembea midomo wazi, na kila neno wanalosema ni unyevu unaopotea. Lakini nani atalipa tiketi kutazama mirija ya pua kwa saa mbili na nusu?

"Viungo ni mafuta ya petroli"

Nusu kweli. Viungo ni kitu cha thamani kinachopatikana Arrakis pekee, na safari za anga haziwezekani bila hicho. Uchumi wake unafanana na wa petroli, ila chanzo chake ni kiumbe hai, na ukilisahau hilo hadithi inavunjika. Chini ya mchanga wanaishi viumbe bapa kama vipande vya ngozi, ambao ni hatua ya uchanga ya minyoo. Kazi yao ni kuyafungia maji yasisambae. Maji yakikutana na kinyesi chao huota kitu kama kuvu, gesi ya kaboni dioksidi hujaa, kisha hupasuka juu, na jua na hewa huigeuza ile tope kuwa melange, yaani viungo. Mlipuko mmoja huua mamilioni ya viumbe hao. Wachache wanaosalia hujifungia, na baada ya miaka 6 hutoka wakiwa minyoo wadogo wa kama mita 3. Wakubwa huzidi mita 400.

Sasa rudi kwenye filamu ya Lynch, mwisho wake: Paul analeta mvua, watu wanashangilia. Maji ni sumu kwa mnyoo. Fremen wenyewe humzamisha mnyoo mchanga majini ili wapate kile kinywaji cha Maji ya Uhai. Mvua ikinyesha Arrakis, minyoo imekwisha, viungo vimekwisha, safari za anga zimekwisha. Herbert, ambaye kwa jumla aliitetea filamu hiyo, alilalamikia jambo hilo hilo: Paul ni mtu anayejifanya mungu, hana mamlaka ya kuita mvua. Silaha za sauti nazo ni za Lynch. Kitabuni hazimo.

"Toleo kamili la Lynch limefichwa mahali"

Halipo. Filamu iliyotoka Desemba 1984 ina dakika 137. Kabla yake kulikuwa na mkusanyiko ghafi wa zaidi ya saa 4, bila athari maalumu za picha, ambao hakuna aliyekusudia uoneshwe. Toleo refu lililorushwa kwenye televisheni 1988 liliunganishwa na watu wengine, na Lynch aliondoa jina lake: mwongozaji akaandikwa Alan Smithee, mwandishi Judas Booth, yaani Yuda Iskariote na muuaji wa Lincoln katika jina moja. Hakuwa na haki ya uhariri wa mwisho, na alifariki Januari 2025 bila kuirudia.

"Tamthilia ya 2000 ni duni lakini haikubadilisha kitu"

Ilibadilisha: Irulan, ambaye kitabuni ni dondoo za mwanzo wa sura hadi karibu na mwisho, amepewa safari na uchunguzi wake. Na duni kwa kipimo gani? Mpigapicha alikuwa Vittorio Storaro, na ilipata tuzo ya Emmy ya upigaji picha. Mapazia ya jangwa yaliyochorwa yanaonekana kuwa mapazia, ni kweli. Ichukulie kama mchezo wa jukwaani.

"Ukinunua kitabu cha Jodorowsky unapata haki ya filamu"

Kuna waliolipa kuligundua hili. Novemba 2021 kikundi cha wawekezaji wa sarafu za kidijitali kilinunua mnadani Paris nakala moja ya michoro ya filamu ambayo Alejandro Jodorowsky alishindwa kuitengeneza miaka ya 1970. Ilikadiriwa euro 25,000 hadi 35,000, wakatoa milioni 2.66, kisha wakatangaza mipango ya kuchapisha na kutengeneza katuni. Umiliki wa nakala si hakimiliki.

"Anza na vitabu vya mwanawe, matukio yake ni ya awali"

Brian Herbert, mwanawe Frank, na mwandishi mwenzake Kevin J. Anderson walianza kuchapa 1999, na vitabu vyao vinachukulia kwamba unajua tayari. Mfano ni Jihadi ya Butler, uasi wa kale dhidi ya mashine zinazofikiri. Kwao ni vita dhidi ya roboti. Kwa Frank Herbert shida ilikuwa kwamba watu waliziachia mashine kazi ya kufikiri, na watu wengine wenye mashine wakawatawala. Ukianza na roboti, utaisoma sentensi ile ya baba bila kuisikia.

Soma vitabu sita vya Frank Herbert kwa mpangilio wa kuchapishwa: 1965, 1969, 1976, 1981, 1984, 1985. Viwili vya kwanza ni hadithi moja, na cha pili ni kifupi. Cha tatu kiko miaka 9 mbele. Cha nne kinaruka miaka 3,500 na mhusika wake mkuu amekwishageuka nusu mnyoo, na hapo ndipo wengi hushuka. Kabla ya kushuka, fungua nyuma ya kitabu cha kwanza usome kiambatisho cha ikolojia. Ni kurasa chache, na nusu ya ubishi huu umejibiwa humo.