Je, wajua kwa nini bastola ya jasusi kwenye gemu haiitwi kwa jina lake?

Ukipita vibanda vya gemu pale Kondele, Kisumu, au Section 58 kule Nakuru, kwingi utakuta ni mpira tu kwenye skrini. Lakini muulize shabiki wa gemu za zamani jasusi 007, yaani James Bond, hubeba bastola gani, naye akikumbuka GoldenEye 007 atakujibu mara moja: PP7. Mwenzake aliyezoea filamu atabisha kwamba ni Walther PPK. Hapo hakuna cha kubishania, kwa sababu bastola ni ileile. Kilichobadilika ni jina.

GoldenEye 007 ilitengenezwa na kampuni ya Rare ya Uingereza kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64, ikatoka Agosti 1997. Mwaka 2023 ilirejeshwa kwa wenye Nintendo Switch na Xbox, ndiyo maana hata waliozaliwa baadaye wanaijua. Ilipokuwa bado jikoni, silaha zake zilikuwa na majina ya kweli. Kabla ya kuuzwa, majina hayo yakaondolewa. Sababu ni alama ya biashara: jina la bunduki ni mali ya kiwanda, sawa na jina la soda au la sabuni, na ukiliweka ndani ya bidhaa unayoiuza bila ruhusa, mwenyewe anaweza kukudai. Umbo nalo laweza kuzua mzozo, lakini kulichora upya ni kazi ya siku nyingi. Jina ni herufi chache tu za kufuta na kuandika nyingine.

Kisa cha Klobb, bunduki nyingine ya gemu hiyo, kinaonyesha jinsi jambo hili linavyosumbua. Kwa umbo, Klobb ni Škorpion vz. 61, bunduki ndogo ya rashasha iliyoanza kutumika Chekoslovakia mwaka 1961. Jina halisi likaondolewa, ikaitwa Spyder. Kumbe Spyder nalo lilikuwa na mwenyewe, tena katika biashara ya bunduki za rangi za kuchezea. Mwishowe wakaazima jina la mtu wao: Ken Lobb wa Nintendo ya Marekani. Sijui kama ile ni heshima kweli, maana Klobb hupigi nayo ukuta ukaupata, na wachezaji wameitukana tangu siku hiyo.

Kama majina yamefichwa, utaitambuaje bunduki? Hesabu risasi. PP7 hujaa risasi 7, na PPK ya milimita 7.65 huchukua 7 kwenye magazini, yaani kasha la risasi. DD44 Dostovei ina 8, sawa na Tokarev TT-33 ya Warusi. Klobb ina 20, na magazini za Škorpion ni za 10 au 20. Phantom ina 50, na hapo hakuna kubahatisha: Spectre M4 ya Italia hupanga risasi safu nne ndani ya magazini moja ndipo zifike 50. Dhahiri walioyaandika majina ya uongo walikuwa na vitabu vya bunduki mezani.

KF7 Soviet huhitaji hata kuihesabia. Magazini yake imepinda kama ndizi, na Mkenya yeyote aliyewahi kupita mbele ya benki yenye ulinzi anaijua AK. Kule kupinda si urembo. Ganda la risasi yake ya 7.62 kwa 39 (unene wa risasi na urefu wa ganda, kwa milimita) ni pana kwenye kitako na jembamba kuelekea mbele, kwa hiyo ukizipanga moja juu ya nyingine, rundo lenyewe linajikunja. Ungezilazimisha kwenye kasha lililonyooka refu, zingekaa kombo na kukwama njiani.

Penye uongo mkubwa ni RC-P90. Hii ni FN P90 ya Ubelgiji, na kampuni hiyohiyo ya FN ndiyo iliyojenga kiwanda cha risasi cha Eldoret. Kwenye gemu ina risasi 80. Ya kweli ina 50. Magazini yake hulala juu ya bunduki, sambamba na mtutu, na risasi zikiwa zimelazwa kwa upana. Kila moja lazima izungushwe robo duara kwenye kijia cha mwisho ndipo itazame mbele na kuingia chemba, pale inapolipukia, na maganda huangukia chini. Sasa piga hesabu: risasi moja ina unene wa karibu milimita 8, basi safu mbili za risasi 25 zinakula kama sentimita 20. Ukitaka 80, safu zinafika sentimita 32 kabla hujahesabu kile kijia, ilhali bunduki nzima ina urefu wa sentimita 50. Magazini hiyo ingekugonga shavuni.

Gemu pia imechanganya risasi kama maharagwe na mahindi kwenye githeri. PP7, DD44, Klobb na D5K, ambayo kwa kweli ni MP5K ya Ujerumani, zote zinachota kwenye fungu moja. Kwa hali halisi PPK na Škorpion zinaweza kugawana risasi ya 7.65, lakini Tokarev inataka 7.62 kwa 25 na MP5K inataka 9 kwa 19. KF7 na AR33, yaani M16, nazo zinakula sahani moja, ingawa risasi ya AK haiingii kabisa kwenye chemba ya M16. Naona walifanya vizuri. Nani angetaka kukimbia na mafungu sita, akitafuta risasi inayofaa huku mlinzi akimkaribia?

Kujaza risasi nako kumerahisishwa. Bunduki inashuka chini ya skrini, inaibuka imejaa, na risasi zilizobaki zinarudi kwenye fungu. Ukitoa magazini ya kweli, zilizobaki zinatoka nayo. Kuificha bunduki chini ya skrini kuliokoa kazi ya kuchora mikono ikichomeka magazini, na kaseti nzima ilikuwa ya megabaiti 12, yaani picha tatu nne za simu yako.

Kuhusu PP7 yenye kiwambo cha kupunguza sauti, gemu imepatia nusu. Risasi ya PPK huenda kama mita 300 kwa sekunde, chini ya mwendo wa sauti ambao ni karibu 343, kwa hiyo haipasui hewa njiani. Risasi nyingi za 9 kwa 19 huupita mwendo huo, na mlio huo wa kupasua hewa kiwambo hakiuzimi, kwani kazi yake ni kutuliza gesi inayotoka mdomoni mwa mtutu. Nusu ya pili ndiyo uongo. Mlio wa bastola hufika desibeli 150 na zaidi, na kiwambo hupunguza 20 hadi 30 hivi. Zinazobaki zinamtosha mlinzi aliye chumba cha pili kugeuka, hata yule wa kwenye gemu ambaye huwa amekupa kisogo akiangalia ukuta.