Kutoka Kibumba 2012 hadi Chanzu 2013: FARDC, jeshi la Kongo (DRC), ilibadilisha nini?

Waasi wa M23 waliingia Goma, mji mkuu wa Kivu ya Kaskazini, tarehe 20 Novemba 2012, na hadi leo wengi mjini husema jeshi lilikosa silaha. Sikubali. Vifaru na helikopta vilikuwepo. Iliyokosekana ni amri moja. Sehemu ya vikosi ilitokana na makundi ya zamani yaliyochanganywa, na askari walimsikiliza mkubwa wao wa zamani kuliko kamanda wa eneo. Ngome ya Kibumba, kaskazini mwa Goma, ilipovunjika, wengi walikimbilia Sake na Minova. Huko Minova askari wa serikali walibaka na kupora raia. Huwezi kueleza mbinu za jeshi hili ukaruka jinai hiyo.

Mabadiliko yalianzia juu. Siku mbili baada ya Goma kuanguka, Jenerali Gabriel Amisi, mkuu wa jeshi la nchi kavu, alisimamishwa. Jenerali Lucien Bahuma akashika Kivu ya Kaskazini, maofisa kadhaa wakaitwa Kinshasa, na makomando kama wale wa Kanali Mamadou Ndala wakawekwa mbele. Machi 2013 Umoja wa Mataifa ukaunda brigedi ya kupigana na waasi, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Mwezi huohuo M23 yenyewe ikapasuka: watu wa Bosco Ntaganda, mmoja wa viongozi wake, walivukia Rwanda.

Sasa tazama barabara ya Rutshuru. Ukipanda kutoka Goma, Nyiragongo iko kushoto na mpaka kulia. Hakuna pa kumzunguka adui aliye kilimani. Ndiyo maana vita vya Kibati, kwenye barabara hiyo, Agosti 2013, vilidai mpangilio mkali: mizinga ipige, helikopta zifuate, askari wa miguu wapande mara moja. Wakichelewa, adui anarudi kwenye mahandaki na kazi inaanza upya.

Oktoba mpango ukawa bora zaidi. Badala ya kusukuma kutoka kusini tu, kikosi kingine kilishuka kutoka kaskazini kuelekea Kiwanja, na waasi hawakuweza tena kurundika nguvu zao Kibumba. Kambi ya Rumangabo ilirudi mikononi mwa serikali tarehe 28, na mji wa mpakani wa Bunagana tarehe 30. Vikabaki vilima vya Mbuzi, Runyonyi na Chanzu, ambako helikopta za Afrika Kusini ziliingia vitani. Tarehe 5 Novemba M23 ikatangaza mwisho wa uasi.

Udhaifu mmoja ulibaki: mfumo huu uliwategemea mno watu wachache. Ndala aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na Bahuma akafariki Agosti mwaka huohuo.