Kabla ya Kubishana, Uliza: Umeona Nakala Gani?

Tulikesha tukibishana, mimi na rafiki yangu, juu ya mwisho wa filamu ya Blade Runner. Yeye alishikilia kwamba steringi, askari anayesaka watu wa kuundwa, na mpenzi wake wanaondoka kwa gari kupitia milimani, jua linawaka, na sauti ya steringi inasimulia. Mimi nikasema hakuna mlima wowote: wanaingia kwenye lifti, mlango unafungwa, basi. Kila mmoja aliamini mwenzake alisinzia. Kesho yake tulipoleta nakala zetu tukakuta wote tulikuwa tunasema kweli.

Mimi ni mhariri wa filamu. Kazi yangu ni kukata na kuunga, kwa hiyo jambo hili linanigusa kuliko mengine yote yanayozuka marafiki wanapotajiana filamu za zamani wanazozipenda. Mara nyingi tunadhani tunatofautiana ladha, kumbe hatujaona filamu moja.

Blade Runner ilipotoka mwaka 1982, wenye fedha walihofia kwamba watazamaji hawataielewa, wakaongeza usimulizi na ule mwisho wa milimani. (Picha za milima zenyewe zilikuwa mabaki ya The Shining, filamu ya mwongozaji Stanley Kubrick.) Toleo la 1992 liliviondoa vyote viwili, na mwaka 2007 mwongozaji wake, Ridley Scott, akatoa toleo alilolisimamia mwenyewe hadi mwisho. Lakini kinachonisisimua zaidi ni sekunde chache zilizoingizwa mwaka 1992: steringi yuko kwenye piano, anaota farasi mwenye pembe moja akikimbia msituni. Mwishoni anaokota kikaratasi kilichokunjwa kwa umbo la farasi huyohuyo. Kikaratasi kilikuwepo tangu 1982, na hapo kilimaanisha tu kwamba askari mwenzake amepita pale na amemwacha yule mpenzi, naye mtu wa kuundwa, aishi. Ukishaiona ile ndoto, kikaratasi kinauliza swali jingine kabisa: huyo askari amejuaje ndoto ya mtu? Je, steringi naye ni mtu wa kuundwa kama hao anaowasaka? Picha ya mwisho haikuguswa, ila maana yake imegeuka kwa sababu ya kipande kilichowekwa mbali nayo. Ndiyo maana naipenda kazi hii.

Kuna ukataji mwingine ambao mtazamaji hauoni kabisa. Filamu nyingi pana zilipopelekwa kwenye runinga za zamani, pande za picha zilikatwa zienee kwenye kioo. Picha ambayo upana wake ni mara 2.35 ya kimo chake, ikibanwa kwenye kioo cha 4 kwa 3, hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya eneo lake. Chukua watu wawili waliosimama ncha mbili za picha, wamekaa kimya, na ule utupu kati yao ndio unaosema kwamba mapenzi yamekwisha. Fundi wa runinga hana pa kuwaweka wote. Anamwonyesha mmoja, kisha anarukia kwa mwingine. Utupu umetoweka, na umezaliwa mkato ambao mhariri wa filamu hakuufanya. Rafiki akiniambia filamu fulani inarukaruka, kwanza namuuliza aliitazama wapi.

Filamu zisizo na sauti nazo zinaonewa vivyo hivyo. Iliyopigwa kwa fremu (yaani picha mojamoja) 16 kwa sekunde ikirushwa kwa 24, saa nzima inageuka dakika 40 na waombolezaji wanatembea kama wanacheza ngoma. Angalia pia urefu ulioandikwa kwenye jalada, ila usikimbilie kusema imekatwa: kwenye mfumo wa runinga uitwao PAL filamu huenda kwa fremu 25 badala ya 24, hivyo dakika 100 huwa 96 bila kupungua hata picha moja.

Kuna mabishano yasiyoweza kumalizwa. The Magnificent Ambersons ya mwongozaji Orson Welles, ya 1942, ilipunguzwa zaidi ya dakika 40 wakati yeye yuko Brazili, na mwisho wake ukapigwa upya. Vipande vilivyotolewa viliharibiwa. Anayemlaumu Welles kwa ule mwisho mtamu anamlaumu mtu asiyehusika, nami hilo silinyamazii.

Filamu ya Metropolis ya 1927 nayo ilikatwa, ila ilikuwa na bahati zaidi. Rafiki yangu mwingine aliiita hadithi yenye vurugu kwa miaka. Mwaka 2008 nakala ndefu ilitambuliwa Buenos Aires, imejaa mikwaruzo, na mwaka 2010 filamu ikaonyeshwa ikiwa na takriban dakika 25 zilizodhaniwa zimepotea. Nilimketisha tukaitazama. Jasusi mwembamba, ambaye hapo awali alipita kama kivuli, sasa ana kazi yake, na yule kibarua aliyebadilishana nguo na kijana wa tajiri tunajua alikwenda wapi. Rafiki yangu alikiri hadithi inafuatika. Bado haipendi: anasema mwisho wake, pale msimamizi wa vibarua na mtawala wa jiji wanapopeana mikono, ni rahisi mno. Hapo tuko pamoja.