Kiunganishi chako kikubali SQLite ya tangu lini?

Tukikutana hapa Nairobi, sisi tunaotunza viunganishi vya programu huria, yaani lile tabaka jembamba linaloiwezesha lugha ya Python au Ruby kuita maktaba (msimbo ulio tayari) ya lugha ya C, swali hili kuhusu SQLite, maktaba ya hifadhidata, halikosi kuzuka. Na majibu mengi ninayoyasikia yanawaumiza watumiaji.

Dhana: Tegemea toleo jipya, watu watasasisha.

Mtumiaji wa kawaida hachagui SQLite. Anaikuta kwenye mfumo wake. Katika mifumo ya Linux, Ubuntu 20.04 ilikuja na SQLite 3.31.1, Debian 11 na 3.34.1, Ubuntu 22.04 na 3.37.2. Sasa tazama funksheni ya sqlite3_changes64, iliyoongezwa katika 3.37.0 mnamo Novemba 2021. Inahesabu safu (rekodi) zilizobadilishwa hata zikipita bilioni mbili. Kiunganishi kilichofungwa nayo moja kwa moja kitagoma kwenye ile mifumo miwili ya kwanza, hata kwa mwanafunzi wa Rongai mwenye laptopu ya mtumba, anayeweka hesabu za kibanda cha mamake: safu mia tatu, basi. Umemfungia mlango kwa sababu ya kitu ambacho hatakihitaji maishani. Itafute funksheni hiyo kwa jina programu inapoanza, kwa dlsym, amri ya C ya kutafuta funksheni ndani ya maktaba. Isipopatikana, tumia sqlite3_changes ya zamani. Ni kazi ya mistari michache.

Dhana: Kukagua toleo wakati wa kukompaili, yaani kugeuza msimbo kuwa programu, kunatosha.

Kunatosha ikiwa mashine inayojenga ndiyo itakayoendesha. SQLITE_VERSION_NUMBER ni namba ya maktaba uliyokompailia. Funksheni ya sqlite3_libversion_number() ndiyo inayokuambia iliyopo sasa hivi. Ukisambaza faili zilizokwisha kujengwa, zijengee kwenye mfumo mkongwe kuliko yote uliyoahidi.

Dhana: Toleo likiachwa na wenyewe, litupe siku hiyohiyo.

OpenSSL 1.1.1, maktaba ya usimbaji fiche, iliachwa tarehe 11 Septemba 2023, lakini Ubuntu 20.04 iliendelea kuitilia viraka vya usalama katika usaidizi wake wa kawaida hadi 2025. Mimi hufuata tarehe ya mfumo walio nao watu.

Dhana: Basi tukubali matoleo yote.

Hapana. Toleo usilolijaribu kila unapobadilisha msimbo, hujaliahidi kwa dhati.

Dhana: Ukibeba nakala yako ya maktaba, umemaliza.

SQLite inarahisisha jambo hili, maana hutolewa pia kama faili moja, sqlite3.c, na sikatai njia hiyo. Lakini tangu siku hiyo kasoro za usalama ni mzigo wako. Mtu ataendesha apt upgrade, amri ya kusasisha mfumo, akidhani yuko salama, kumbe nakala iliyo ndani ya kiunganishi chako haijaguswa. Kama huwezi kutoa toleo jipya ndani ya siku chache za kiraka kutoka, iache maktaba ya mfumo ifanye kazi yake, na mwenye toleo la chini ya kikomo chako apate ujumbe unaomwambia waziwazi ana toleo gani na anahitaji lipi.