Tabaka la saa chache: dhoruba, mawe ya chokaa na breksia

Kwenye vilima vya Cincinnati, mpakani mwa majimbo ya Ohio na Kentucky nchini Marekani, mwamba uliokatwa kupisha barabara unafanana na mikeka iliyorundikwa: tabaka gumu la chokaa lililojaa magamba, tabaka laini la tope lililogeuka jiwe, kisha chokaa tena. Miaka milioni 450 hivi iliyopita, katika enzi ya Ordovisia, hapa palikuwa sakafu ya bahari ya kina kifupi. Mwamba huu unatosha kuzipinga dhana nyingi.

"Chokaa hujengeka polepole, kwenye maji matulivu." Nusu yake ni kweli. Viumbe huunda magamba yao taratibu, na tope hutua taratibu. Lakini tabaka moja lenye unene wa kiganja laweza kuwa kazi ya saa chache. Dhoruba huchimbua sakafu na kulitibua tope mpaka likaelea, huku magamba mazito yakibaki chini yamesongamana. Ikilegea, vizito hutua kwanza, mchanga hufuata, tope huja mwisho. Ndiyo sababu tabaka hilo limekatika ghafla upande wa chini na linazidi kuwa laini kuelekea juu. Wanajiolojia huliita tempestiti. Miaka mingi ya utulivu huenda imebanwa kwenye tope jembamba lililo juu yake.

"Mawimbi ni ya juu tu, chini kumetulia." Inategemea wimbi. Msukosuko wake hushuka hadi karibu nusu ya urefu wake, kilele hadi kilele. Kwenye maji ya kina kirefu, wimbi linalopita kila sekunde 5 lina urefu wa mita 39 hivi, kwa hiyo kwenye kina kinachozidi mita 20 halisikiki. La sekunde 10 lina mita 156, nalo linagusa mita 78. Muda umeongezeka mara mbili tu, kina kimeongezeka mara nne.

"Vipande vyenye kona ni dalili ya maporomoko au tetemeko." Hapa ndipo wengi hukosea, hata waliosoma kidogo. Ni kweli breksia nyingi, yaani miamba ya vipande vyenye kona vilivyoshikamana, hutokana na hayo. Lakini katika miamba ya Kambria, enzi iliyotangulia Ordovisia, na ya mwanzo wa Ordovisia, Amerika Kaskazini na China Kaskazini, kuna matabaka yaliyojaa vipande bapa vya chokaa, na vingi vimetoka palepale. Tope la chokaa lilianza kuganda likiwa bado chini ya maji, likawa utando mgumu juu ya tope laini. Dhoruba ikaung'oa kama fundi anavyobandua lipu ukutani. Vipande vingine vililala, vingine vilisimama kwa ukingo kama vitabu rafuni. Vilivyosafiri kidogo vilibaki na kona kali, na jiwe lake ni breksia. Vilivyosukwasukwa zaidi vililainika, na jiwe lake huitwa konglomerati. Kabla ya kuitaja dhoruba, linganisha vipande na tabaka la chini yake: vikiwa vya aina moja, ushahidi umeanza kupatikana. Hautoshi peke yake, maana mtetemo nao huweza kuvunja tabaka palepale.

Mbona mawe haya ya vipande bapa yalipungua baadaye? Maelezo mojawapo ni kwamba wanyama wachimbaji waliongezeka, wakalivuruga tope kabla halijaganda.

"Hesabu matabaka, utajua idadi ya dhoruba." Hapana. Dhoruba kubwa hufuta kazi ya ndogo.

"Dhoruba hupiga kila bahari sawasawa." Cincinnati ya wakati ule ilikuwa kusini mwa ikweta, kwenye ukanda wa vimbunga. Karibu kabisa na ikweta, mzunguko wa dunia hautoshi kukisokota kimbunga. Unguja iko nyuzi 6 tu kusini, hivyo vimbunga ni nadra huko. Nadra si kamwe: kile cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu mingi.

"Rundo la magamba ni kifo cha siku moja." Mara nyingi ni magamba ya vizazi vingi yaliyochambuliwa na mawimbi, kama mchele unavyopetwa. Ila tope linalotua mwishoni huua kweli. Chini yake, huko Cincinnati, hupatikana trilobaiti, wanyama wa baharini wa kale wenye gamba la pingili, wa jenasi *Flexicalymene*, wakiwa wamejikunja duara, mkia umekutana na kichwa, kama jongoo aliyeguswa.