Jina moja kwenye fomu, nyumba mbili kwenye matanga

Mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi, na hatoki ila kwa dharura. Nimeshughulikia madai ya bima ya maisha hapa Mombasa kwa miaka mingi, na nimeona kwamba muda huo unatosha wengine wote kufika ofisini: ndugu wa marehemu, ami yake, shemeji mwenye gari, hata jirani anayejua kuandika barua. Mwenye jina kwenye fomu ya bima, yaani mjane aliyeandikwa kuwa ndiye atakayelipwa, ndiye anayefika mwisho, na mara nyingi hukuta pingamizi limemtangulia.

Chukua kesi moja ambayo nimeibadilisha kidogo ili wenyewe wasijulikane. Marehemu alikuwa mtu wa bandarini, mke mkubwa Kisauni, mke mdogo Likoni. Bima yake ilikuwa ya shilingi 2,400,000. Fomu aliijaza kabla hajaoa mke wa pili, na katika nafasi ya mnufaika aliandika jina la mke mkubwa peke yake, asilimia 100. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa Likoni, fomu ikabaki kwenye faili vilevile.

Ami yake alikuja kabla ya arubaini, ameshika bahasha ya khaki yenye nakala ya cheti cha kifo. "Mwanangu," akaniambia, "pesa hizi ni za marehemu, na marehemu ana mama." Bi mkubwa alipomaliza eda akaja na kitambulisho chake, akakaa kiti kilekile. "Ami atasema yake. Jina langu si liko pale?"

Wote wawili walikuwa wakisema kweli, na ndiyo maana ugomvi wa aina hii hauishi kwa kelele.

Sheria ya Bima ya Kenya inamruhusu mwenye bima ya maisha yake mwenyewe kumtaja atakayelipwa akifa. Kampuni ikishamlipa aliyetajwa, imemaliza deni lake. Mahakama zetu pia zimeamua zaidi ya mara moja kwamba fedha zenye mnufaika aliyetajwa haziingii kwenye mali ya marehemu inayogawanywa. Kwa hesabu hiyo Bi mkubwa anachukua zote.

Lakini marehemu alikuwa Mwislamu. Sheria ya Urithi, kifungu cha 2(3), haigusi mirathi ya Mwislamu, na Katiba, ibara ya 170, inampa Kadhi mamlaka ya kuamua mambo ya mirathi pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Wanazuoni wengi humwona mnufaika kama wakili tu: anapokea kwa niaba ya warithi, kisha anawagawia. Wengine huiona ni hiba, yaani zawadi aliyopewa iwe yake. Ukiniuliza mimi, mtu aliyeandika jina moja miaka kumi na mitano iliyopita kwa haraka hakuwa anatoa hiba yoyote. Alikuwa anamaliza kujaza fomu.

Nasema kwa haraka kwa sababu nilianza kazi hii kama ajenti, na nimejazisha fomu nyingi juu ya boneti ya gari. Mteja anauliza, "Hapa niandike nani?" Nami namjibu, "Mtu wa karibu yako." Basi. Nimeona fomu iliyoandikwa "Mama Aisha", bila jina la kitambulisho, na wanawake wawili wakaja na watoto wanaoitwa Aisha. Nimeona jina la mke aliyeachwa zamani, maana kampuni haijui habari za talaka mpaka uiambie. Nimeona la mama aliyefariki kabla ya mwanawe, na hapo fedha hurudi kwenye mali ya marehemu, familia ikaanza safari ya mahakamani kana kwamba hakuna aliyetajwa. Na kama bima iliwekwa dhamana ya mkopo, benki hujichukulia kwanza deni lake.

Watoto ndio wanaoniumiza kichwa zaidi. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kukabidhiwa fedha mkononi. Lazima awepo mtu mzima wa kumpokelea. Usipomtaja wewe, mama yake atasema ni yeye, na ami zake watasema ni wao.

Kwa familia zisizo za Kiislamu, mali yenye wake wawili isiyo na wosia hugawanywa kwa nyumba kufuatana na idadi ya watoto, na kila mjane huhesabiwa kama mtoto mmoja wa ziada. Fedha za pensheni zina sheria yake na fomu yake, kwa hiyo kubadilisha jina kwenye bima hakubadilishi kitu kule.

Turudi kwa Bi mkubwa. Barua mbili zinazopingana zilipoingia kwenye faili, malipo yalisimama. Watu hudhani kampuni inakalia pesa, na pengine zipo zinazokalia, lakini hapa ukimlipa mmoja leo, kesho unashtakiwa na mwingine. Nikawaambia wende kwa Kadhi pamoja, wasiende kila mmoja na wakili wake. Bi mkubwa alikataa, kisha akakubali. Sijui nani alimshawishi. Nadhani ni mama mkwe, ambaye hakuwahi kuja ofisini hata siku moja.

Hesabu iliyotoka ilikuwa hii, madeni yakiwa yameshalipwa na baba wa marehemu hayupo. Wake wawili wanashirikiana thumni, yaani sehemu moja ya nane: 300,000, yaani 150,000 kila mmoja. Mama sudusi, sehemu moja ya sita: 400,000. Zilizobaki 1,700,000 ni za watoto, wa kiume wawili na wa kike mmoja, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja: 680,000, 680,000 na 340,000. Wa kiume mmoja ni wa Kisauni. Mwingine na dada yake ni wa Likoni.

Kutoka 2,400,000 hadi 150,000 na haki ya mwanawe. Bi mkubwa alisoma karatasi ya mahakama mara mbili, akauliza sehemu ya kutia saini, kisha akaniuliza kama hundi ya mama mkwe inaweza kuandikwa kwanza, maana bibi huyo alikuwa na miadi ya macho Jumatatu.